Wakuu, ni kweli msitu wa mfinyanzi unahifadhi kaboni kuliko msitu wa kichanga?

#1 Mkwaju Pori
Wakuu, salaam.

Kwenye kila kikao cha biashara ya kaboni (kijiji kulipwa kwa kaboni ambayo msitu wake umehifadhi) nasikia kauli ile ile: udongo wa mfinyanzi unashika kaboni, wa kichanga haushiki. Kwa hiyo msitu ulioota juu ya mchanga hesabu miti tu, udongo wake achana nao. Hivi karibuni mshauri mmoja kawaambia hivyo wanakijiji wa huku ukanda wa pwani, na kamati ya maliasili ikanyong'onyea kabisa. Watu wametunza msitu wao miaka na miaka, wanaambiwa nusu ya mali yao haipo.

Naomba wenye kujua udongo mnifafanulie. Chembe ya mfinyanzi inaifanyia nini kaboni hadi isitoke? Na kuna msitu wa kichanga popote duniani uliopimwa ukakutwa na kaboni ya maana?

#2 Moro_Udongo
Mleta uzi, hoja ya huyo mshauri ina msingi, ila ameikata mkia.

Chembe ya mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002. Ya mchanga inaanzia milimita 0.05 hadi 2. Ukiivunjavunja gramu moja ya udongo kuwa chembe ndogo hivyo, uso wake unapanuka mno. Kaolinaiti, aina ya mfinyanzi iliyojaa kwenye udongo mwekundu wa tropiki, ina mita za mraba kama 10 hadi 20 kwa gramu moja. Smektaiti, ile ya mbuga nyeusi (udongo mweusi wa bondeni), inafika mamia. Mabaki ya majani, mizizi na miili ya vijidudu hunata kwenye uso huo, na kilichonata kimeng'enya (kemikali ya vijidudu ya kuozesha) hakikifikii kirahisi. Pia mfinyanzi hujenga vinundu, na kaboni iliyofungiwa ndani ya kinundu haipati hewa ya kutosha kuoza.

Mchanga hauna uso wa kunatia wala vinundu vya kudumu. Jani likioza kwenye mchanga, sehemu kubwa inarudi hewani. Hiyo ndiyo sayansi ya mwanzo kabisa ya jambo hili.

#3 Mrihi
Hapo nakataa kidogo, Moro_Udongo. Mimi ni wa Kilifi, na Arabuko-Sokoke naijua. Msitu ule ni kama kilomita za mraba 420, na karibu wote uko juu ya mchanga. Kuna mchanga mweupe unaoota miti ya mirihi. Kuna mchanga mwekundu wa Magarini wenye kichaka kizito cha miti ya Cynometra. Halafu kuna msitu mchanganyiko upande wenye mvua zaidi. Mbona misitu hii mitatu haifanani hata chembe, na yote ni kichanga?

Halafu chimba chini ya mrihi uone. Ukitoa majani makavu unakuta utando wa mizizi midogo, myembamba, imesukana hadi unaweza kuinyanyua kwa mkono kipande kizima na mchanga ukidondoka katikati yake. Udongo ukiwa maskini, mti unatia nguvu zake chini kutafuta chakula. Ile mizizi yote ni kaboni, na ikifa inabaki mle mle.

Wataalamu mnaangalia ndoo inavyovuja, hamuangalii anayemimina anamimina kiasi gani.

#4 Kichuguu
Mrihi kaanza na mkuki mkononi 😄 Nipo hapa, nasoma.

#5 Kipimo
Kabla hamjafika mbali, nisemee upande wa maabara, maana hapa watu wengi huchanganya.

Asilimia ya kaboni si akiba ya kaboni. Ili upate tani kwa hekta unazidisha asilimia, uzito wa ujazo wa udongo (gramu kwa sentimita ya ujazo) na kina kwa sentimita. Chukua mfano wa hesabu tu. Mfinyanzi wa msituni una asilimia 3 na uzito wa ujazo 0.9, kina sentimita 30: tani 81. Kichanga kina asilimia 1.5, yaani nusu, lakini uzito wake ni 1.4: tani 63. Kwenye karatasi ya maabara mmoja ni mara mbili ya mwenzake, kwenye hekta pengo limepungua sana.

Ripoti nyingi zinazosema kichanga hakina kitu zimeishia kwenye asilimia. Mkwaju Pori, muulize mshauri wako: pete ya chuma ya kuchukulia uzito wa ujazo waliingiza shimoni, au walibeba udongo kwenye mfuko wa nailoni tu?

#6 Mkwaju Pori
Kipimo, ahsante sana. Kwa nilivyoona ilikuwa mifuko tu. Na walichimba sentimita 20.

#7 Kipimo
Sentimita 20! Kwa wastani wa dunia, kaboni iliyo kwenye mita moja ya juu ya udongo, karibu nusu yake iko chini ya sentimita 30. Hapo hata huo mfinyanzi wamepunja.

#8 Hodi_Hodi
Mleta uzi aliuliza kama kuna msitu wa kichanga uliopimwa. Upo. Tapajós, Amazoni ya Brazili, utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Walilinganisha kichanga na mfinyanzi ndani ya msitu huo huo, mvua ile ile. Hadi kina cha mita 1, kichanga kilikuwa na kama tani 113 za kaboni kwa hekta, mfinyanzi 101. Kichanga kilizidi!

Na alichosema Mrihi kuhusu mizizi kimo humo humo. Mizizi midogo kwenye sentimita 10 za juu ilikuwa mingi zaidi upande wa mchanga. Kaboni ya mizizi minene peke yake ilikuwa sawa na asilimia 62 ya kaboni ya udongo wa juu kwenye kichanga, na 48 kwenye mfinyanzi. Walipojaribu kukisia kwa modeli ya kompyuta, ikapunguza kaboni ya kichanga kwa karibu asilimia 45, kwa sababu modeli nayo imefundishwa kwamba mchanga haushiki.

#9 Mrihi
Hodi_Hodi, karibu ndani, kiti hicho 🙌

#10 Moro_Udongo
Utafiti huo naufahamu na ni mzuri. Lakini tusiruke. Sehemu moja Brazili haifuti sehemu nyingine zilizoonyesha mfinyanzi unaongoza. Tena kuna tofauti kati ya kaboni nyingi na kaboni inayodumu. Utando wa mizizi alioueleza Mrihi ni kaboni halali, ila haina kinga. Moto ukipita, au watu wakifyeka, inaondoka haraka. Iliyonata kwenye madini inaweza kukaa karne nyingi. Mnunuzi wa kaboni anauliza itakaa muda gani, haulizi ipo kiasi gani leo tu.

#11 Shinyalu
Moro_Udongo, hiyo kinga ya mfinyanzi msiitukuze. Huku kwetu Kakamega na Nandi kuna mashamba yaliyokatwa kutoka msituni nyakati tofauti, mengine karibu miaka 100 iliyopita, mengine juzi juzi. Watafiti wameyapanga kwa umri wakapima. Kaboni inaporomoka kwa kasi miongo michache ya mwanzo, kisha inatulia chini kabisa. Na huu ni udongo mzito, mwekundu, si mchanga. Jembe likivunja vinundu na majani yasipoanguka tena, mfinyanzi unabaki na sehemu ndogo tu.

Babangu alilima mahindi shamba lililokuwa msitu. Miaka ya kwanza hakuweka mbolea hata kiganja. Sasa bila mbolea hupati gorogoro.

#12 Bint Amani
Habari zenu. Mnabishana mfinyanzi na kichanga, mmeshahakikisha mnajua kipi ni kipi?

Mimi niko jirani na Amani, Usambara Mashariki. Chukua donge la udongo mwekundu wa msitu huu, lilowanishe kiganjani, lisugue kwa kidole gumba. Mwanzo unahisi chembechembe zinazokwaruza, utaapa ni tifutifu yenye mchanga. Usiache, endelea kusugua. Zile chembe zinaanza kusagika moja moja, kiganja kinageuka rangi ya kutu, na baada ya dakika chache una tope laini linalonata, unalivuta utepe mrefu bila kukatika. Hakukuwa na mchanga. Vilikuwa vinundu vya mfinyanzi vilivyogandishwa na oksaidi za chuma na alumini.

Mpimaji mwenye haraka anaandika "kichanga tifutifu" kwenye fomu, anapanda gari. Hata maabara inadanganyika kama haikuvunja vinundu vizuri kabla ya kupima. Kwa hiyo kila jedwali linalosema kichanga kina kaboni nyingi, mimi nauliza kwanza: kilikuwa kichanga kweli?

Na udongo huu unatia utata kote kote. Maji na hewa vinapita upesi, jambo ambalo watu husema ni la mchanga. Ndani ya kinundu kaboni imefungwa, jambo la mfinyanzi.

#13 Kipimo
Bint Amani umenena. Vinundu hivyo vinasumbua sana. Unaweka dawa ya kutawanya, unatikisa usiku kucha, asubuhi kipimo kinasema asilimia 30 ya mfinyanzi wakati upo zaidi ya hapo.

#14 Hodi_Hodi
Bint Amani swali zuri, ila kuhusu Tapajós mchanga wao ni mchanga wa kweli, na mfinyanzi wao mfinyanzi wa kweli. Tofauti ilikuwa kubwa mno kuwa kosa la kidole.

#15 Mzee wa Luseni
Nawasalimu wanangu. Mimi ni Msukuma, mkulima. Sisi udongo tunaupanga kwa mteremko tangu enzi za mababu. Juu kwenye mawe una aina yake, katikati unakutana na luseni, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga, na chini kabisa mbuga nyeusi ya mpunga. Mvua ile ile, kijiji kile kile. Mbuga ni nyeusi tititi, maana yake imejaa hiyo kaboni yenu. Luseni ni nyeupe, haina kitu. Mnabishana nini?

#16 Bint Amani
Shikamoo mzee. Huo mpangilio wa mteremko ndio Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa hapa hapa Amani, aliupa jina la katena mwaka 1935, na leo unafundishwa dunia nzima. Aliuona kwenye vilima vya Afrika Mashariki. Nyie mlikuwa mnautumia tayari.

#17 Kipimo
Shikamoo mzee wangu. Kwenye mteremko uko sahihi kabisa. Kwenye weusi nitakupinga kwa heshima. Mbuga nyeusi nyingi ukizipima zina kaboni ya kawaida tu, mara nyingi chini ya udongo mwekundu wa msitu wa milimani. Weusi ule unatokana na kaboni kidogo iliyochanganyika kwa namna ya pekee na ule mfinyanzi unaovimba. Rangi inatupoteza wengi.

#18 Mzee wa Luseni
Marahaba. Basi kumbe jicho nalo linadanganya. Lakini kiatu changu kwenye mbuga masika hakidanganyi, kinabaki huko huko.

#19 Bukavu_243
Jambo wandugu. Niko Kivu ya Kusini. Mnaacha kitu kikubwa: jiwe mama.

Kuna wanasayansi walilinganisha misitu mitatu ya milimani ya eneo letu. Kahuzi-Biega huku Kongo, ambako udongo umetokana na mawe ya volkano yenye chuma kingi. Kibale ya Uganda, mawe ya jamii ya graniti. Na Nyungwe ya Rwanda, mawe ya mashapo. Yote ni misitu, yote ina mvua, na udongo wa zamani uliochakaa. Kilichoamua kaboni inadumu vipi ni kemia iliyorithiwa kutoka kwenye jiwe: chuma na alumini viko katika umbo gani. Ukubwa wa chembe peke yake haukutosha.

Na sikilizeni hii ya Nyungwe. Mashapo yale yana kaboni ya kale, iliyokuwa ndani ya jiwe kabla msitu haujaota. Unapochimba chini, sehemu kubwa ya kaboni unayopima si ya miti ile. Utamuuzia nani kaboni ya jiwe?

#20 Shinyalu
Duh. Hiyo ya Nyungwe sikuwa naijua. Kwa hiyo mtu anaweza kulipwa kwa jiwe 😂

#21 Moro_Udongo
Bukavu_243, nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa sampuli kutoka nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Kalisi (kalsiamu, ile ya kwenye chokaa), pamoja na ile alumini na chuma visivyokuwa na umbo la fuwele, vilieleza kiasi cha kaboni vizuri kuliko asilimia ya mfinyanzi. Hali ya hewa nayo ikawa na nguvu yake. Ndiyo maana miteremko ya volkano, Kilimanjaro au Virunga, ina kaboni nyingi hata pale ambapo mfinyanzi si mwingi. Majivu ya volkano yanazaa madini yaitwayo alofani, na alofani inashika kaboni kupita kaolinaiti mbali kabisa.

Lakini angalia: chuma na alumini vinakaa wapi? Kwenye sehemu laini ya udongo, pamoja na mfinyanzi. Kwa hiyo kauli ya "mfinyanzi unashika" haijafa, imepata maelezo tu.

#22 Mrihi
Na mchanga mwekundu wa Magarini je? Ule wekundu ni chuma kilichopaka chembe za mchanga. Kwa hoja yenu wenyewe basi una pa kunatia, na mweupe wa chini ya mrihi hauna. Mshauri wa Mkwaju Pori kauweka wote kapu moja.

#23 Moro_Udongo
Hapo Mrihi umefunga bao. Kichanga chekundu na kichanga cheupe visipimwe kwa fungu moja.

#24 Kichuguu
Na mimi niseme sasa. Hamjataja mchwa hata mara moja! Mchwa wanateremsha majani chini, wanapandisha mfinyanzi kutoka chini kabisa hadi juu. Pori la kichanga lenye vichuguu lina visiwa vya mfinyanzi vilivyojengwa na mdudu. Ukichimba shimo lako katikati ya vichuguu unapata jibu moja, ukichimba juu ya kichuguu unapata lingine. Mafundi wanaofyatua tofali wanalijua hili kuliko maprofesa.

#25 Hodi_Hodi
Kichuguu, jina lako halikuwa la bure. Ila kila kichuguu ni sehemu ndogo ya hekta. Kinabadili wastani kiasi gani?

#26 Kichuguu
Tembea pori la miombo uvihesabu, kisha urudi hapa tuendelee.

#27 Nyikani
Mnasahau baridi. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Uluguru ya juu majani yanaoza polepole hata udongo uwe wa aina gani. Linganisha Amani na Sokoke utadhani unalinganisha udongo, kumbe unalinganisha pia baridi na mvua. Tapajós ilikuwa na maana kwa sababu walibaki sehemu moja.

#28 Bukavu_243
Na maji. Bonde la kati la Kongo, lile bwawa la peti (mabaki ya mimea yaliyorundikana bila kuoza), makadirio ya 2017 yalisema kilomita za mraba 145,500 na kaboni kama tani bilioni 30. Hapo hakuna cha mfinyanzi wala mchanga. Maji yamejaa, hewa haiingii, majani hayaozi. Maji yakikauka kaboni yote iko hatarini.

#29 Nyikani
Ongeza kwamba 2022 wamepima upya: eneo limepanda hadi 167,600, kaboni ikawa kama bilioni 29. Peti ni pana kuliko walivyodhani, jumla ikabaki karibu pale pale.

#30 Bint Amani
Mrihi, nje ya mada kidogo. Yule bundi mdogo wa Sokoke mnayejivunia, anayekaa kwenye Cynometra za mchanga mwekundu, yupo hata huku misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Msijimilikishe.

#31 Mrihi
Dada, jina ni Sokoke. Mmemkaribisha tu, mgeni wetu huyo 😄

#32 Mkwaju Pori
Wakuu, nimesoma yote mara mbili, shukrani. Kamati imekubali tupime wenyewe kabla ya kusaini chochote. Msitu wetu una sehemu mbili, mchanga mwekundu juu na mweupe kuelekea bondeni. Nimepata kekee ya udongo ya kuazima na kijana aliyesoma misitu. Tuanzie wapi?

#33 Kipimo
Gawa msitu kwa rangi ya udongo na mteremko kwanza, kisha chagua vituo kwa bahati nasibu ndani ya kila sehemu. Msichague palipo rahisi kufika. Chimbeni hadi mita 1, mkitenganisha tabaka: 0 hadi 10, 10 hadi 20, 20 hadi 30, 30 hadi 50, 50 hadi 100. Pete ya chuma ipigwe kila tabaka, kwenye ukuta wa shimo. Mchanga mkavu unamwagika, kwa hiyo lowanisheni kidogo siku moja kabla. Udongo wa pete ukaushwe nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena. Mizizi msiitupe, ipimeni peke yake. Na vichuguu viandikwe umbali wake, Kichuguu asije akatulaani.

Maabara ikitumia njia ya dikromati ya Walkley na Black, waulize kama wamezidisha kwa 1.3, kwa sababu njia hiyo hukamata kama robo tatu tu ya kaboni. Wengine wanazidisha, wengine hawazidishi, halafu watu wanalinganisha majibu yao.

#34 Moro_Udongo
Na wapime chuma na alumini angalau kwa sampuli chache za kila rangi. Bila hivyo tutarudi hapa kubishana upya.

#35 Shinyalu
Mkwaju Pori, ulizeni pia wazee sehemu gani iliwahi kulimwa. Msitu unaweza kuonekana mkubwa kumbe palikuwa shamba. Udongo unabeba historia hiyo.

#36 Pwani Mchangani
Samahani nimechelewa. Niko Unguja. Vipi msitu kama wetu wa Jozani, ulio juu ya mawe ya matumbawe? Udongo ni haba, umejaa kwenye mashimo ya mawe, na unachanganyika na chokaa. Moro_Udongo kasema kalisi inasaidia kushika kaboni, basi sisi tumetajirika?

#37 Kipimo
Pwani Mchangani, kwako tahadhari ni mbili. Ya kwanza, mawe: kama nusu ya ujazo ni jiwe, akiba ya kaboni nayo igawe kwa mbili. Ya pili, chokaa yenyewe ina kaboni isiyotoka kwenye majani. Ukipeleka sampuli kwenye mashine ya kuchoma bila kuiandaa, itahesabu matumbawe na majani pamoja. Dondoshea tindikali kidogo kwanza. Ikitoa povu, mwambie mtu wa maabara kabla hajaanza.

#38 Pwani Mchangani
Nimejaribu na ndimu sasa hivi, udongo umetoa povu.